Kopo Moja la Klachi na Breki

Jumatatu, 10 Machi

Masika imeingia leo. Mvua ilianza saa mbili asubuhi, ikapiga mabati ya gereji mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Mzee Anselmo amenipa kaunta buku hili, jipya kabisa. Anataka kila gari inayoingia niandike ugonjwa wake na dawa yake, kwa sababu anasema kichwa chake siku hizi hakishiki. Nitaandika. Na kwa kuwa mvua hii inafukuza wateja, nitaandika na mengine.

Tupo wawili tu hapa Yombo. Yeye ndiye mwenye gereji, mtu wa Masasi, miaka sitini na mitatu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Nikiwa na miaka ishirini na miwili nilizunguka gereji sita za Temeke nikiomba kujifunza, na kote, kwa kuona ni mwanamke, waliniuliza kama nimeleta chai. Yeye alinipa spana ya gurudumu, akaniambia nifungue. Sasa ni miaka kumi na minne.

Gari ya leo: steshenwageni ya zamani, gia za mkono, ya Mzee Projestus wa Kinyerezi, karani mstaafu wa bandari. Ugonjwa: pedeli ya klachi inazama, gia ya rivasi inakwaruza kuingia. Mkewe, Mama Kokushubila, alikuwa kiti cha nyuma, kitenge kimefunika miguu iliyovimba. Figo zake zimekufa. Kila Jumatatu na Alhamisi anapelekwa hospitali kusafishwa damu, saa nne nzima kwenye mashine. Alinisalimia dirishani, akaniuliza jina, akataka na maana yake. Nikamwambia kwa Kinyakyusa Tusajigwe ni tubarikiwe. Akaitikia amina kama vile nimeomba.

Dawa: kutoa upepo kwenye klachi. Mie nikiwa chini nafungua na kufunga nati ya upepo, Mzee Anselmo juu anakanyaga na kuongeza mafuta. Upepo ulitoka mwingi, pedeli ikapanda. Nikumbuke kwamba gari hii klachi na breki zinakunywa mafuta kutoka kopo moja.

Kwa maoni yangu, Mzee Projestus anapumzisha mguu kwenye klachi. Wazee wengi wana hiyo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Pancha moja. Mzee Anselmo ana mafua.

Ijumaa, 14 Machi

Steshenwageni imerudi. Jana wakitoka hospitali pedeli ilianza tena kuwa laini, Mzee Projestus akawa anaipampu mara tatu nne ndipo gia iingie.

Klachi ya aina hii haina waya, inasukumwa na mafuta. Mguu unasukuma silinda ya juu, mafuta yanapita kwenye bomba, yanasukuma silinda ya chini, na hiyo ndiyo inayoachanisha injini na gia. Kila silinda ina raba ndani, na raba ikishindwa kuzuia mafuta pedeli inazama. Nilipolala chini nikaona silinda ya chini imelowa. Nikachukua raba mpya dukani kwa Badru, yule wa spea hapo barabarani, nikafunga. Mzee Anselmo akajaza mafuta, tukatoa upepo. Pedeli ngumu kama mpya.

Nilimpa Mzee Projestus somo kuhusu mguu wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu kwamba ameendesha tangu mwaka wa themanini na moja na hajawahi kuulizwa mguu wake unakaa wapi. Nikaona ni ubishi wa wasomi.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Ijumaa, 21 Machi

Jana klachi ya Mzee Projestus ilikufa kabisa kwenye matope ya Kitunda, mkewe akiwa ndani. Gia iligoma kutoka namba moja. Vijana wa bodaboda waliisukuma. Walifika hospitali wamechelewa kwa masaa matatu, mashine kapewa mtu mwingine, Mama Kokushubila akabahatika kusafishwa saa mbili tu badala ya nne. Leo ameletwa naye, hataki kubaki nyumbani peke yake. Uso umejaa maji, na anapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

Nikafungua silinda zote mbili. Raba niliyofunga wiki moja iliyopita imevimba, laini, inabonyea kama bigijii iliyotafunwa. Ya juu nayo hivyohivyo. Raba nzima haifanyi hivi kwa wiki moja.

Damu ilinipanda. Nilikwenda kwa Badru mbele ya wateja wake nikammwagia zile raba mezani, nikamwambia anauza takataka na kuna mgonjwa karibu afe barabarani kwa ajili yake. Badru ni mtu mpole, wa Kilwa, tumejuana miaka tisa. Akanionyesha boksi, akasema raba za boksi hilo amewauzia mafundi kumi na mmoja na hakuna aliyerudi. Nikamwita mwizi. Nimeandika hapa ili nikumbuke kwamba nililitamka neno hilo.

Raba nyingine nimezifuata Kariakoo. Mzee Anselmo amejaza mafuta.

Jumatatu, 24 Machi

Gari nzuri, wamepita asubuhi kwenda hospitali. Mzee Projestus alipiga honi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Kila mwaka Badru hutuletea sinia la pilau gereji. Mwaka huu hakuleta. Mzee Anselmo akaniuliza kulikoni, nikasema mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Wamepitia hapa saa nane wakitoka hospitali. Pedeli inazama tena.

Nilimkalisha Mama Kokushubila kwenye benchi letu, nikamwekea boksi la miguu. Alikuwa mchovu lakini anaongea. Alinisimulia kwamba mumewe hulala na miwani usoni, eti akishtuliwa usiku amuone vizuri. Mzee Projestus akacheka kwa aibu. Mie nilikuwa chini ya gari nasikiliza, huku naitazama raba ya Kariakoo mkononi mwangu. Imevimba. Maduka mawili tofauti, ugonjwa uleule.

Nikatoka chini nikakaa. Basi si raba, ni kitu kinachokula raba. Nikavuta mafuta kidogo kwenye kopo, nikayamimina kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki huyeyuka kwenye maji kama sukari. Haya yalipanda juu yakaelea, yenye duara za rangi kama za dimbwi la barabarani. Ndani ya kopo kuna mafuta mengine yamechanganywa, ya jamii ya injini au ya stelingi. Mafuta hayo na raba za breki ni sumu.

Nilimuuliza Mzee Projestus kama amewahi kuongeza mafuta mwenyewe. Akasema hajafungua boneti mwaka mzima, goti halimruhusu kuinama. Safari hii nilimwamini.

Nimewabadilishia raba za klachi na kumwaga mafuta yote ya klachi. Kujaza nimejaza mwenyewe, kutoka chupa mpya niliyoivunja muhuri.

Ijumaa, 4 Aprili

Siku nzima nimemwangalia Mzee Anselmo.

Chai aliimimina pembeni ya kikombe, akaifuta meza kwa kiganja kama vile ni jambo la kawaida. Nilipomwomba spana ya kumi na mbili alizipapasa zote, akapima mdomo wa kila moja kwa kidole gumba, ndipo akanipa. Miaka yote nimeiona hii nikidhani ni ufundi. Mafuta yetu yaliyobaki tunayaweka kwenye chupa za maji ya kunywa, rafu moja, hazina maandishi. Nikamwambia anipe ya breki. Akachukua chupa, akaifungua, akaipeleka puani, akasita. Akanipa ya stelingi.

Nikamwambia, "Mzee, huoni."

Alikaa kwenye tairi. Mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna mteja aliyekuwepo. Akaniambia jicho la kushoto lilikufa tangu mwaka jana, na la kulia anaona kama anachungulia ndani ya bomba. Hakwenda kwa daktari wa macho kwa sababu anajua atakachoambiwa. Kazi anaifanya kwa mikono, na mafuta anayajua kwa harufu. Lakini tangu masika ianze ana mafua, pua imeziba.

Nikasema klachi nimeshaitengeneza ila kopo ni moja, na yale mafuta yameingia kwenye breki pia, silinda kubwa na magurudumu yote manne. Lazima gari ilale hapa siku tatu nibadilishe kila raba, na lazima Mzee Projestus aambiwe sababu.

Mzee Anselmo hakukataa. Aliomba tu. Akasema niache hadi Pasaka ipite, atakwenda kuonyesha macho, halafu gereji ataniandikisha mie na yeye atakaa nyumbani. Ila nisimtangaze sasa. "Mtu akisikia fundi kipofu," akasema, "hata zile nilizotengeneza nikiwa naona zitaonekana mbovu."

Nilimhurumia. Huyu ndiye aliyenipa mkate.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempigia Mzee Projestus nikamwambia nataka kuikagua breki. Sikumwambia kwa nini. Aliileta, nikamwaga mafuta ya zamani, nikajaza mapya, nikatoa upepo magurudumu yote. Pedeli ya breki ilikuwa ngumu, nzuri. Raba sikuzibadilisha. Nilimwomba aiache siku tatu, akasema Jumatatu ana hospitali, na Alhamisi, na mkewe hawezi kukaa kwenye bajaji, mgongo haustahimili. Tukapatana Ijumaa ijayo.

Nilijiambia mafuta mapya yatazipoza zile raba mpaka Ijumaa.

Jumanne, 8 Aprili

Mzee Projestus alipiga simu. Gari inakuwa nzito, kama inavutwa, na jana magurudumu ya mbele yalitoa harufu ya kuungua. Nilijua maana yake palepale. Raba ikivimba inaziba njia ya mafuta kurudi, breki inabaki imeshika hata mguu ukitoka.

Nikamwambia aende polepole, tuonane Ijumaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamepata ajali.

Ijumaa, 11 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Leo gereji imefungwa, nipo benchi, Mzee Anselmo hajafika.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mvua kubwa, kwenye ule mteremko wa kushukia daraja baada ya Kitunda. Aliyenisimulia ni dereva wa bajaji aliyekuwa nyuma yao. Anasema taa za breki ziliwaka juu kabisa ya mlima, zikazima, zikawaka, zikazima, zikawaka, na gari haikupungua. Chini kulikuwa na wanafunzi wamesimama wanasubiri maji yapite barabarani. Mzee Projestus aliiingiza gari kwenye mtaro wa zege. Hakumgusa hata mtoto mmoja.

Yeye amevunjika mbavu mbili. Mama Kokushubila alikuwa kiti cha nyuma amelala ubavu, hakufunga mkanda kwa sababu unambana tumbo. Amevunjika nyonga.

Breki zile zilikuwa zimeshika tangu Kinyerezi. Zilipata moto, mafuta yakachemka yakawa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Pedeli ikaenda chini bila kukuta chochote.

Najua haya yote. Niliyajua Jumanne mchana, simu ikiwa sikioni.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Baada ya ibada nilikwenda hospitali.

Mama Kokushubila yupo wodi ya mifupa, mguu umefungwa kwenye uzito. Alhamisi hakusafishwa damu, na jana walijaribu presha ikashuka wakaacha. Alinitambua. Alisema nimwambie mumewe ale, hajala tangu siku ile.

Mzee Projestus alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya kitanda, bandeji kifuani. Nikampa shikamoo. Akanishika mkono akanitoa hadi kwenye korido, akaongea kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie.

"Binti, ulinionya kuhusu mguu wangu na mie nikakubishia. Nadhani nilikanyaga klachi. Nilikuwa nakanyaga na kukanyaga, gari inakwenda tu. Mtu anayekanyaga breki gari inasimama. Nimezeeka, mguu wangu haujui tena ulipo."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Muuguzi alipita na kitoroli, tukampisha, na alipokwisha kupita nikasema tu kwamba asijilaumu.

Asijilaumu. Ndicho nilichosema.

Jumatatu, 14 Aprili

Mkaguzi wa magari wa polisi ameiona gari. Mzee Anselmo amepata habari kwa mtu wake. Imepoa siku nne, kwa hiyo mvuke umeshageuka kuwa mafuta, pedeli imerudi kuwa ngumu. Kopo limejaa. Bomba hazivuji. Ameandika breki ni nzima, chanzo ni dereva.

Jumatano, 16 Aprili

Mama Kokushubila amefariki saa nane mchana. Miaka sitini na saba.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Tumekwenda kuaga Kinyerezi kabla mwili haujasafirishwa kwenda Muleba. Watu walijaa mpaka barabarani, mahema mawili, mvua ilikuwa manyunyu. Kwa mbali mitambo ya gesi inaunguruma, sauti ile haisimami. Mzee Anselmo nilimwongoza kwa mkono ili asikanyage madimbwi. Watu waliona heshima ya binti kwa mzee wake.

Alipofika kwenye jeneza hakuinama kuangalia. Aligusa mbao, akapitisha vidole kwenye ukingo kama anavyopima chuma, akarudi.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Sikwenda popote.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumefungua. Kazi moja, betri. Nilimwambia Mzee Anselmo kwamba mzee wa watu anaamini amemuua mkewe. Akasema mkaguzi ameshaandika breki nzima, marehemu hawezi kurudi, na marehemu mwenyewe alikuwa mgonjwa, hata bila ajali asingemaliza mwaka. Kwa nini tufukue.

Kwa miaka kumi na minne sijawahi kumsikia Mzee Anselmo akisema kitu kibaya. Alipokuwa anasema hili nilimtazama vizuri, na sikuona ubaya. Niliona mtu mwenye woga. Nami nilikuwa na woga uleule, tofauti yetu ni kwamba yeye ameutamka.

Jumatano, 30 Aprili

Mzee Projestus amerudi toka Muleba juzi, jana ameitwa kituoni. Wanamfungulia mashtaka ya kusababisha kifo kwa kuendesha bila uangalifu. Jirani yake aliyeniambia anasema hakujitetea. Alipoulizwa alijibu kwamba ni kweli, ameua, na akaomba asipewe dhamana. Walimpa, mwanawe wa kiume akamdhamini kwa nguvu.

Ijumaa, 2 Mei

Nilikwenda kwa Badru. Nilisubiri wateja waishe.

Nikamwambia nilimwita mwizi na hakuwa mwizi, raba zake zilikuwa nzima, ni mafuta yetu yaliyoziua. Sikumficha kitu, hata macho ya Mzee Anselmo, hata simu ya Jumanne. Nilimwomba radhi. Badru hakuniambia yamekwisha. Aliniuliza kama najua mafundi wangapi waliacha kununua kwake baada ya siku ile. Nikasema sijui. Akasema wanne.

Halafu akainama chini ya meza akatoa kopo la maziwa ya unga. Raba nilizommwagia mezani Machi alizihifadhi, kwa sababu alikusudia siku moja kunionyesha mbele za watu kwamba nimekosea. Zilikuwa bado zimevimba.

"Chukua," akasema. "Mie nilitaka zinisafishe mie. Bora zimsafishe huyo mzee."

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwambia Mzee Anselmo kwamba Jumanne asubuhi nakwenda polisi. Nitapeleka raba, na chupa ya stelingi, na daftari hili. Nikamwambia pia nitawaomba wafungue silinda kubwa ya breki mbele yangu, kwa kuwa zile raba zilizomo ndani zitasema kuliko mie. Alichukua mfagio akafagia pale alipokuwa ameshafagia.

Nimesoma ukurasa wa tarehe nane mara nyingi. Ni mistari michache, unachanika kwa sekunde moja na hakuna atakayejua kulikuwa na ukurasa. Bado upo.

Jumanne, 6 Mei

Nilifika gereji saa moja kuchukua vitu. Mzee Anselmo alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa shati lake jeupe la misa, viatu amevipaka rangi, kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Sikumwambia. Nikampa mkono tukaondoka.

Kituoni tulikaa tangu saa mbili mpaka saa tisa. Afande aliyetusikiliza mwanzoni alidhani tumekuja kumuombea mzee wa watu. Mzee Anselmo ndiye aliyeanza. Alisema yeye ni fundi kipofu, alimimina mafuta yasiyo yenyewe mara tatu, Machi tarehe kumi, kumi na nne, na ishirini na moja, na binti huyu hakujua lolote.

Nikamkata kauli. Sijawahi kumkata kauli maisha yangu yote. Nikasema nilijua tangu tarehe nne Aprili, na tarehe nane nilipigiwa simu nikaambiwa breki zinaungua, nikasema Ijumaa. Nikafungua daftari nikamwekea afande kidole kwenye mstari.

Alisoma, akarudia. Akaita mwenzake naye akasoma.

Wakamleta mkaguzi, tukaenda uani kwenye gari. Nilifungua silinda kubwa mwenyewe, yeye akiwa amesimama. Raba zilitoka kwa shida, zimejaa kama midomo ya mtu aliyepigwa. Nikamwomba maji kwenye chupa nikamwonyesha mafuta yanavyoelea, mabaki ya zamani yaliyogandia ndani. Hakuniangalia usoni. Alipiga picha nyingi.

Tumeandika maelezo. Daftari wamelitoa kopi kurasa zote. Tumeachiwa kwa dhamana ya dada yangu na ya mkwe wa Mzee Anselmo, tutaitwa. Afande alisema mashtaka ya Mzee Projestus yatarudi kwa mwanasheria kutazamwa upya, na ya kwetu yataanza. Gereji isifunguliwe.

Njiani Mzee Anselmo aliniuliza mvua imeacha saa ngapi, hakuwa ameisikia. Nikamwambia haikunyesha leo.

Jumatano, 7 Mei

Nimemsindikiza Mzee Anselmo kwa daktari wa macho. Jicho la kulia wataweza kulishikilia lilipo, si zaidi. Daktari aliuliza kwa nini amechelewa hivi. Mzee akasema kazi zilikuwa nyingi.

Alhamisi, 8 Mei

Jua kali. Nilikwenda Kinyerezi peke yangu, ili asiyasikie kwa polisi kwanza.

Mzee Projestus alikuwa barazani, amevaa na kunyoa kama mtu wa safari. Ilikuwa Alhamisi. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanionyesha kiti. Sikukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kuanzia chupa zisizo na maandishi hadi simu yake ya Jumanne, jinsi nilivyoujua ugonjwa nikamwacha aendeshe, jinsi nilivyosimama kwenye ile korido nikanyamaza. Hakunikatiza. Ndege wa jirani walikuwa wanapiga kelele na kule nyuma mitambo inaunguruma, na nilipomaliza sikujua mikono niiweke wapi.

Aliuliza swali moja.

"Siku ile, kule mlimani. Mguu wangu ulikuwa wapi?"

"Kwenye breki, baba. Dereva wa bajaji aliziona taa, zimewaka tangu juu kabisa. Ulikanyaga mapema, na ulikanyaga mara nyingi. Breki ndiyo haikuwepo."

Alitazama mguu wake wa kulia. Akausogeza kidogo mbele, akaurudisha.

Akasema kwamba hanisamehe, nisije nikaondoka pale nikidhani amenisamehe. Labda hatanisamehe kabisa, hajui. Lakini nimefanya vizuri kuja mwenyewe. Akasema niende.

Akainuka kwa kushika nguzo, akaingia ndani. Mie nilikuwa nimevua viatu kwenye ngazi, na udongo ulikuwa umeingia ndani yake, nikawa nakung'uta. Dirisha la chumbani lilikuwa wazi. Nikamsikia anaongea Kihaya, polepole, sentensi baada ya sentensi, anasimama, anaendelea, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo refu na anataka aelewe. Chumbani hakukuwa na mtu. Kihaya sikijui. Nililoelewa ni neno moja tu, alilirudia mara tatu: breki.